Uzi, chubwi na papi tatu: nilivyosawazisha vibonyezo vya piano yangu

Ukichuchumaa mbele ya piano hadi jicho likawa usawa mmoja na vibonyezo, ukatazama kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, unaona mambo ambayo aliyeketi kwenye stuli hayaoni. Piano yangu ni ya kusimama, ya zamani, na nilikuwa nimeipiga miaka minne kabla sijachuchumaa hivyo. Muda wote huo nilivilaumu vidole vyangu. Kila nilipopanda skeli, yaani noti kwa mfuatano, kwa mkono wa kulia, kidole gumba kilikwaa mahali palepale kilipopita chini ya cha kati, nami nikajiambia mazoezi bado hayajatosha. Siku nilipochuchumaa nikaona safu ya vyeupe imelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na ndani ya bonde hilo vibonyezo vitatu vimejitokeza juu ya wenzao. Kile nilichokuwa nikikwaa nacho kilikuwa kimojawapo.

Fundi wa piano hakupatikana karibu, na vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya kazi hii vilikuwa nje ya uwezo wangu. Kilichonipa moyo ni kwamba kazi yenyewe haihitaji nguvu wala mashine. Inahitaji vipimo. Ukiacha kibomba kimoja cha kutobolea karatasi, kila nilichotengeneza kilikuwa kipimo: cha unyofu, cha uzito, cha unene. Nilianza upya mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikuwa nimeamini kipimo ambacho sijakijaribu.

Kwanza niseme kibonyezo kimekaaje, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kibonyezo cha piano ni wenzo. Sehemu inayoguswa na kidole ni ncha tu ya mti mrefu mwembamba unaoingia ndani ya piano. Katikati mti huo una tundu, na tundu limevikwa kwenye pini ya chuma iliyosimama juu ya ubao wa egemeo. Kuizunguka pini hiyo, chini ya kibonyezo, kuna washa (kipande chembamba chenye tundu katikati) ya felti, yaani kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa, na chini ya felti kuna washa za karatasi. Nyuma, kibonyezo kinalala juu ya mkanda wa felti, na mwisho wake huo wa nyuma umebeba mtambo wa nyundo inayopiga nyuzi. Uzito wa mtambo ndio unaokandamiza nyuma na kuinua mbele. Mbele kuna pini nyingine inayozuia kuyumba, nayo ina washa zake zinazoamua kibonyezo kizame kiasi gani.

Kusawazisha, basi, ni kuongeza au kupunguza karatasi kwenye egemeo. Karatasi hukaa chini ya felti daima. Ikikaa juu, mti unagonga karatasi na kila noti inakuja na kasauti kakavu ka kugonga.

Nilipima wenzo wangu. Kutoka ncha ya mbele hadi pini ya egemeo ni milimita 210, na kutoka pini hadi pale kibonyezo kinapolalia nyuma ni milimita 170. Ukiinua egemeo, nyuma inabaki imelala, hivyo mbele inapanda zaidi ya kile ulichoweka. Kwangu ni 380 kugawanya kwa 170, yaani mara 2.2 na ushei. Karatasi yenye unene wa milimita 0.1 inainua mbele milimita 0.22, na tofauti ya kiasi hicho kati ya vibonyezo viwili vilivyopakana jicho linaiona, kwa sababu mwanga unakatika kwenye ukingo. Hapo nikajua kwamba karatasi ya kawaida ya kuchapia, ambayo nilidhani ndiyo nyembamba kuliko zote nitakazohitaji, kumbe ni ya katikati.

Sikuwa na maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo. Nilihesabu karatasi 100 za kuchapia, nikazibana kati ya vipande viwili vya mbao, nikapima kwa rula: milimita 10. Kila moja, basi, ni milimita 0.1. Uzuri wa njia hii ni kwamba hata nikikosea nusu milimita katika kusoma rula, kosa hilo linagawanywa kwa 100 na halibaki na maana. Karatasi ya risiti nilipanga tabaka 50, nikapata milimita 3, yaani 0.06 kila moja. Karatasi laini ya kufungia vitu vya kuvunjika ilitoka 0.03. Kadi ngumu, 0.25. Nikawa na unene wa aina nne, kila aina katika bahasha yake, na kila moja nikaipaka rangi yake pembeni ili baadaye nikitazama chini ya kibonyezo nijue nimeweka nini bila kukitoa. Rangi hizo zimeniokolea saa nyingi kuliko kifaa kingine chochote.

Kutoboa kulinifundisha adabu. Nilichukua kibomba cha chuma chenye kipenyo cha ndani cha milimita 4, nikakinoa mdomo kwa tupa kutoka nje, nikawa natoboa karatasi kumi kumi kwa pigo moja la nyundo juu ya kichwa cha gogo, upande ule nyuzi za mti zinapotazama juu. Tundu lilitoka safi. Lakini washa zenyewe nilizikata kwa upana wa milimita 20, kwa sababu nilikuwa nimeiga zile za mbele. Nilikata zaidi ya mia mbili. Nilipozipanga kwenye egemeo zikapandana. Sababu ni rahisi nikiiangalia leo: mbele vibonyezo vyeupe 52 vimegawana upana wote wa milimita 1,225 hivi, kila kimoja karibu milimita 23.5. Kwenye egemeo vyote 88, vyeupe na vyeusi, vinapita ndani ya upana uleule, kila kimoja kama milimita 14. Washa ya hapo isizidi 13. Nilizikata tena, safari hii zikiwa na pembe nane, kwa mkasi, bila kuhangaika na duara. Umbo la nje la karatasi halibadilishi kitu. Duara lina maana kwa felti tu, inayobanwa na kuachiwa maelfu ya mara.

Sasa unyofu. Hapa ndipo nilipoanza upya mara ya kwanza.

Nilikuwa na rula ya chuma ya mita moja na nusu. Niliilaza juu ya vibonyezo viwili vya mwisho, cha kwanza kushoto na cha mwisho kulia, nikapandisha vya kati hadi vikaigusa. Kazi ya siku nzima. Jioni nilichuchumaa, nikaona bonde bado lipo, dogo tu kuliko la mwanzo. Rula ilikuwa imelala kwa upana wake, na chuma chembamba kikilazwa hivyo kinapinda katikati kwa uzito wake chenyewe. Nilikuwa nimesawazisha vibonyezo vikafuata mpindo wa rula kwa uaminifu kabisa. Isitoshe, rula ilikuwa imevikalia vibonyezo vya mwisho na kuvizamisha kidogo. Kipimo kilikuwa kinasukuma kile kinachokipima.

Niliacha chuma nikaenda kwenye mbao. Nilichagua papi tatu za mti mkavu wenye nyuzi zilizonyooka, urefu milimita 1,300, upana 60, unene 20, nikazipiga randa kwenye ukingo. Upapi ukisimama kwa ukingo wake hupinda mara 9 pungufu kuliko ukilazwa, kwa vipimo hivyo, kwa hiyo mpindo wa uzito sikuuhofia tena. Kilichobaki ni kujua kama ukingo umenyooka kweli. Na kwa nini tatu, wakati ninayohitaji ni moja?

Ukiweka ukingo wa upapi mmoja juu ya mwingine, ukatazama dhidi ya dirisha na mwanga usipite, huna uhakika bado. Inawezekana mmoja umebinuka na mwingine umebonyea, vikafuatana kama vijiko viwili. Wa tatu ndiye shahidi. Tuseme wa kwanza umebinuka, wa pili ukakubaliana nao kwa kubonyea, na wa tatu ukakubaliana na wa pili kwa kubinuka. Sasa kutanisha wa kwanza na wa tatu: zitabembea katikati, na mwanga utapita pembeni. Zikikubaliana zote, mbili mbili, na ukazigeuza mwisho kwa mwisho bado zikakubaliana, haiwezekani tena kuwa na mpindo. Joseph Whitworth, mhandisi wa Uingereza, aliieleza mbinu hii mwaka 1840 kwa ajili ya bamba za chuma, na karakana zimeitumia tangu hapo. Mimi nilipaka penseli ukingo wa mmoja, nikausugua juu ya mwenzake, na pale penseli ilipohamia ndipo palipopandisha, nikapapunguza kwa msasa uliofungwa kwenye kibao. Ilinichukua jioni nne. Sijawahi kufurahia kazi ya mikono kama jioni ya nne, mwanga ulipokatika pande zote tatu.

Nilizihakiki kwa uzi pia. Uzi wa kushonea uliovutwa na chubwi la nusu kilo kila upande, kwa urefu wa piano, unalegea kiasi kisichofika hata unene wa karatasi yangu nyembamba kuliko zote. Uzi ni mnyofu kuliko karibu kila kitu kilichomo ndani ya nyumba, ila ni mgumu kupimia kwa sababu ukiugusa unasogea. Kwa hiyo uzi nikaufanya hakimu, upapi nikaufanya mfanyakazi.

Upapi bora kati ya zile tatu niliutia miguu. Kila mwisho nilitoboa tundu, nikapitisha bolti na nati mbili, ili miguu ya bolti isimame juu ya vile vipande vya mbao vilivyo pembeni mwa safu ya vibonyezo, ambavyo havitikisiki. Upapi ukawa unaelea juu ya vibonyezo bila kuvigusa. Kwa kuzungusha nati ninaupandisha au kuushusha. Kilichobaki ni kupima nafasi kati ya ukingo wake na kila kibonyezo, na kwa hilo nilitumia kipande cha kioo cha dirisha cha milimita 3, kilichosuguliwa kingo. Kioo kina unene uleule kila mahali, hakibonyei, na kinateleza. Kikipita kwa kukwaruza kidogo, kibonyezo kiko sawa. Kikipita kwa ulegevu, kiko chini. Kikigoma, kiko juu. Baada ya vibonyezo kumi vidole vinajua mkwaruzo huo kuliko macho.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza mambo magumu. Nikafungua skrubu, nikatoa mtambo wa nyundo ili nifikie egemeo kwa raha, nikasawazisha vyote 88, nikarudisha mtambo. Safu nzima ikawa imevurugika. Vingine vilipanda karibu nusu milimita, vingine havikusogea.

Fundi mmoja mstaafu, ambaye kwa wema wake alikuwa akinijibu maswali kwa simu, alicheka kidogo tu. "Mwanangu," akaniambia, "kibonyezo kisipobeba mzigo wake hakijakaa mahali pake. Unapima mtu amejinyanyua kwa vidole vya miguu."

Ilikuwa dhahiri mara aliposema. Mtambo ukiwa ndani, nyuma ya kila kibonyezo inakandamizwa, felti ya nyuma inabonyea na ile ya egemeo pia, na felti kuukuu hazibonyei sawa. Mtambo ukitoka, felti zinafura. Vibonyezo vyenye vipande vya madini ya risasi ndani yake upande wa mbele vinaangukia mbele kabisa. Nilikuwa navirudisha kwa kidole na kupima, nikijiona mwangalifu.

Mafundi wana uzito maalumu wa kutundika nyuma ya vibonyezo. Mimi nilichukua vibanio vya chuma vya kubania makaratasi, vile vyenye masikio mawili, na kwenye masikio nikafunga machubwi ya kuvulia samaki. Kibanio kinauma mti wa kibonyezo pale mtambo unapokalia, na machubwi yananing'inia pembeni bila kugusa jirani. Mdomo wa kila kibanio niliuvika kipande cha kitambaa ili usiache alama.

Uzito kiasi gani? Sikubahatisha tena. Mtambo ukiwa bado ndani, nilichagua vibonyezo vitano, kutoka besi hadi juu kabisa, nikapima nafasi ya kila kimoja chini ya upapi na kuiandika. Nikatoa mtambo bila kuugusa upapi. Kisha nikatundika chubwi moja moja hadi kila kibonyezo kiliporudi kwenye nafasi yake iliyoandikwa. Besi zilitaka gramu 120 hivi, za juu zikaridhika na 100, kwa sababu nyundo za besi ni kubwa na nzito zaidi. Hiyo ni piano yangu. Nyingine itataka uzito mwingine, na njia ya kuujua ni hiyohiyo ya kuiuliza yenyewe. Nilitengeneza vibanio 30 tu, nikawa nafanya kazi kwa mafungu, nikihamisha vya kushoto kwenda kulia.

Mara ya tatu iliniuma zaidi kwa sababu nilikuwa tayari na kila kipimo, na vipimo vyote vilikuwa kweli. Vile vibonyezo vitatu vilivyojitokeza, pamoja na kile cha kidole gumba, nilivishusha kwa kutoa karatasi kwenye egemeo. Vikakaa sawa kabisa chini ya upapi. Lakini nilipovipiga vikawa vizito na vifupi, vinafika chini haraka, na nyundo zake hazirudi kwa wepesi wa zile za jirani. Nilivitoa. Nyuma kabisa, mkanda wa felti chini ya vibonyezo hivyo ulikuwa umeliwa na nondo hadi ukabaki mtandao mwembamba. Mkia ulikuwa umezama shimoni, na mkia ukizama kichwa kinainuka. Nami badala ya kujaza shimo nilikuwa nimekata miguu ya kiti.

Tangu hapo sianzi kwenye egemeo. Naanza nyuma. Nilivua mkanda wote, nikaweka mpya wa unene uleule, nikabadilisha na washa za felti za egemeo, maana nazo zilikuwa na mabonde. Nilipulizia vumbi nje, nikasugua pini zenye kutu hadi zikang'aa. Kisha nikajaribu kila kibonyezo kimoja kimoja: kiinue kidogo kwa mbele, kiachie, kianguke chenyewe kwa uzito wake. Kinachoshikwa na pini yake kitasimama popote utakapokiacha na kukupa kipimo cha uongo, na hakuna upapi utakaokugundulia hilo. Vilivyoshikwa vilikuwa saba. Vilivyoinama upande mmoja, ukingo wa kushoto juu kuliko wa kulia, vilikuwa vingi zaidi, na hivyo hunyooshwa kwa kuigonga pini ya egemeo taratibu sana upande unaotakiwa. Hili lifanyike kabla ya kupima kimo. Ukinyoosha baadaye, kimo kinabadilika na unarudia.

Ndipo nikasawazisha kweli. Niliamua safu isiwe bapa kabisa bali iwe na mwinuko wa nusu milimita katikati. Mafundi hawakubaliani juu ya hili. Wako wanaotaka unyofu mtupu. Hoja ya mwinuko ni kwamba vibonyezo vya kati ndivyo vinavyopigwa zaidi, na felti mpya hubonyea kwa kupigwa, kwa hiyo baada ya muda mwinuko unageuka kuwa unyofu badala ya unyofu kugeuka kuwa bonde. Nilikuwa nimeliishi bonde miaka minne, uchaguzi haukuwa mgumu. Kwenye ncha mbili nilipima kwa kioo pamoja na karatasi tano za kuchapia, yaani milimita 3.5. Nilivyosogea kuelekea katikati niliacha karatasi moja baada ya nyingine, hadi katikati kioo kikapita peke yake.

Kibonyezo kilicho chini nilikiinua kwenye pini, nikaingiza washa chini ya felti kwa kibano. Baadhi ya washa nilizikata mpasuko mmoja kutoka ukingoni hadi tunduni, zikawa zinaingia kwa pembeni bila kukivua kibonyezo kabisa. Ni rahisi mno, na kwa sababu hiyo nilizitumia kwa kukisia tu: nikishapata unene sahihi, nilivua kibonyezo na kuweka washa nzima. Yenye mpasuko inaweza kuhama ikapanda juu ya pini. Na badala ya kurundika karatasi nyembamba tano, weka nene moja na nyembamba moja. Rundo la nyembamba ni laini kama godoro, linabonyea, na baada ya mwezi si kipimo ulichoweka.

Vyeusi vilikuwa vyepesi kuliko nilivyoogopa. Vinasimama milimita 12 hivi juu ya vyeupe. Nilikata vipande viwili vya mbao vya unene huo, nikavitia chini ya miguu ya upapi, nikausogeza nyuma hadi juu ya vyeusi, na kioo kilekile kikaendelea na kazi. Vyote 36 nilivimaliza kwa mchana mmoja.

Baada ya kimo kinafuata kina. Kwa kina cha kuzama nilitengeneza kibao kidogo cha milimita 10: unakiweka juu ya ncha ya kibonyezo, unakibonyeza hadi chini, na uso wa juu wa kibao unapaswa kulingana na vibonyezo jirani vilivyotulia. Kikizidi kimo chao, ongeza kina kwa kutoa karatasi kwenye pini ya mbele. Kikiwa chini yao, ongeza karatasi. Hapa kipimo kinakalia kibonyezo kimakusudi, kwa hiyo hakuna udanganyifu, ila nguvu ya kidole iwe ileile kila mara, kwa sababu felti ya mbele nayo hubonyea. Nilifanya vyote 88 kwa mfululizo, bila kupumzika katikati, ili mkono usisahau.

Nilipoirudisha mitambo yote mahali pake nilikuta vibonyezo kadhaa vinatembea kidogo kabla nyundo haijaanza kusogea, na vingine kadhaa vinaibeba nyundo hata vikiwa vimetulia. Ni kawaida. Ukigusa egemeo umegusa kila kitu kilicho juu yake, na marekebisho hayo ya nyuma ni kazi nyingine inayojitegemea. Niliifanya wiki iliyofuata.

Kidole gumba kinapita sasa. Mara ya kwanza nilipopanda skeli nilifika juu kabisa kabla sijakumbuka kwamba nilipaswa kukwaa. Nilirudia pole pole, nikitafuta pale mahali, sikupaona.

Ule upapi wenye miguu ninautundika ukutani kwa kamba, wima, mbali na jua, pamoja na wenzake wawili. Kila baada ya miezi michache nauweka tena juu ya piano na kupitisha kioo. Miezi ya unyevu katikati hupanda kidogo na miezi mikavu hushuka, nami siongezi wala sitoi karatasi kwa mabadiliko ya namna hiyo, ninaandika tu. Kibonyezo namba 47 bado kiko juu kwa unene wa karatasi moja ya risiti. Washa yake ya felti kwenye egemeo ilikuwa nene kuliko nyingine, na inaendelea kubonyea. Nimeandika tarehe kwa penseli ubavuni mwake, na nitakipima tena felti ikishatulia.